Mtego wa Fukui kwa kaa wa kijani: mzuri kwa wakubwa, mdogo haumkamati

Anayelijua dema, mtego wa samaki wa kusukwa, atauelewa mtego huu mara moja: kuingia rahisi, kutoka ndiyo kazi. Ila Fukui ni fremu ya chuma iliyovikwa wavu, nayo hukunjwa ikawa bapa, kwa hiyo mtu mmoja hubeba kadhaa akivuka tope. Ukiufungua, urefu ni kama sm 60, upana 45, kimo 20, na macho ya wavu ni milimita 12 hivi. Kila ncha ina mlango: vipande viwili vya wavu vinavyoinama kwa ndani na kukutana kwenye ufa mmoja mrefu. Kaa hujipenyeza, ufa ukajifunga nyuma yake.

Hutumika sana Amerika Kaskazini dhidi ya kaa wa kijani, Carcinus maenas, mwenyeji wa Ulaya aliyeonekana pwani ya mashariki ya Marekani mwaka 1817, Table Bay ya Afrika Kusini 1983 na San Francisco 1989. Hula kome na chaza wachanga na kung'oa nyasi bahari. Jike mmoja aweza kubeba mayai 185,000. Mwaka 2021, taifa la Lummi, jamii ya wenyeji asilia katika jimbo la Washington, Marekani, lilitoa kaa zaidi ya 70,000 kwenye bwawa lake la bahari, ndiyo maana mtego mwepesi na wa kukunja una thamani.

Chambo bora ni vibua waliokatwakatwa, ndani ya kopo lenye matundu: harufu itoke, lakini kaa wa kwanza asimalize chakula. Lifunge katikati, usawa wa milango yote miwili. Tega maji yakiwa yamepwa, kwenye mfereji au dimbwi lisilokauka hata maji yakipwa kabisa. Mtego ukibaki juu, samaki walionaswa bila kukusudiwa watakufa. Elekeza milango kwenye njia ya mkondo, kwa sababu kaa huifuata harufu akipanda mkondo. Ufunge kwenye nondo iliyochomekwa chini, kwani mtego mtupu ni mwepesi na mkondo huugeuza. Usiku mmoja unatosha. Ukiacha siku tatu, wakubwa huwala wadogo na chambo huisha nguvu, nawe unahesabu pungufu.

Kasoro kubwa iko mlangoni. Watafiti wa Newfoundland, Kanada, waliweka kamera chini ya maji na kurekodi majaribio 1,226 ya kaa kuingia. Ni 16% tu yaliyofaulu. Wengine hung'ang'ania wavu, hukwama kwenye ufa uliokaza, kisha huondoka. Baadaye miundo yenye mlango uliorekebishwa ilinasa hadi 81% zaidi ya mtego wa kawaida. Kwa hiyo usiutege jinsi ulivyotoka dukani: kagua ufa kwa vidole, na ukikaza mno, ulegeze ubaki wazi kidogo. Usizidishe. Ukipanuka sana kaa hutoka walikoingilia, na fisi maji nao hupata pa kuingizia kichwa.

Kasoro ya pili haina marekebisho. Kaa mwenye gamba la chini ya sm 4 hivi hukamatwa kwa nadra, hivyo kizazi kipya kinaweza kujaa ghuba huku mtego ukionyesha utulivu. Dawa yake ni kuuchanganya na mtego mdogo wa duara wenye macho membamba. Crab Team, mpango wa kufuatilia kaa hawa wa taasisi ya Washington Sea Grant, hutega Fukui 3 na midogo 3 kila kituo, usiku mmoja kwa mwezi, Aprili hadi Septemba. Anayenunua Fukui peke yake ananunua nusu ya jibu.

Kibali kwanza. Washington hairuhusu mtu asiye na kibali hata kumiliki kaa huyu akiwa hai. Kama huna, piga picha na utoe taarifa. Rangi isikudanganye, maana kaa wa kijani aweza kuwa wa machungwa au mwekundu. Hesabu miiba ya gamba: mitano kila upande, kuanzia jicho kwenda nje. Kaa wenyeji huuawa bure kwa kukosa hesabu hiyo ndogo, na hilo linauma.

Kila baada ya kutega, tafuta wavu uliotoboka na uushone siku hiyo hiyo. Kabla ya kuhamia ghuba nyingine, osha tope lote kwa maji yasiyo ya chumvi na uanike mtego hadi ukauke.