Jigi ya kukatia kiungo cha shingo ya gitaa: magitaa manne baadaye

Nimekaa na hii jigi (kifaa cha kushikilia shingo ili mashine iikate sawa) muda wa kutosha, magitaa manne ya akustika yameshatoka nayo, kwa hiyo sasa naweza kuisemea. Ni ya plaiwudi ya milimita 18, unaifunga pembeni ya meza, shingo unaibana wima na klempu, ruta (mashine ya mkono yenye biti ya kuchonga mbao) inatembea juu ikifuata templeti, yaani kipande chenye umbo la kufuata. Templeti ni mbili, moja ya ulimi kwenye shingo, nyingine ya tundu la kuingiza huo ulimi kwenye bodi (sanduku la gitaa), na kiungo unakikaza kwa bolti mbili kutokea ndani ya gitaa. Anayetaka davuteli, ule ulimi unaopanuka kama mkia wa ndege wanaoufanya kampuni ya magitaa ya Martin, hii haimfai, atafute nyingine.

Kilichonifanya niinunue ni pembe. Chukua gitaa la skeli (urefu wa uzi unaotetemeka) ya milimita 645, shingo inaungana na bodi kwenye freti ya 14 (freti ni vile vyuma vilivyolazwa kwenye shingo), kutoka hapo hadi kwenye tandiko la nyuzi, kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi juu ya daraja, ni kama milimita 287. Sasa ukikosea nusu digrii tu pale kwenye kiungo, rula ukiilaza juu ya freti inafika kule kwenye daraja (mbao iliyobandikwa kwenye bodi kushikia nyuzi) ikiwa imepanda au imeshuka milimita 2 na nusu, na daraja zima lina unene wa kama 9 na nusu! Rula ikifika chini sana nyuzi zinakaa juu, mpigaji vidole vinamuuma, na wewe unapunguza tandiko mpaka linaisha na bado. Ikifika juu sana nyuzi zinagusa freti zinalia vibaya. Kwa patasi na macho peke yake nusu digrii ni rahisi mno kuikosea, nasema hivyo kwa sababu nimeshawahi kuibandua shingo niliyoiunga kwa mkono na sitaki tena ile kazi.

Hapa jigi inafanya vizuri sana. Shingo inaegemea kwa ule uso wa kubandikia ubao wa freti, sio kwa mgongo, na huo ndo uso ambao vipimo vyote vya gitaa vinaanzia. Nyuma kuna skrubu moja ya kuinamisha, ukishakaza nati haichezi, nimekata shingo mbili mfululizo bila kuigusa na zote zimetoka sawa. Mi naiweka kwenye digrii 1 na nusu hivi, ila zile namba zilizochorwa pembeni sizifuati, nakata kwanza kipande cha mbao ya kutupa, nakifunga kwenye bodi, naweka rula, nikiridhika ndo nagusa shingo yenyewe. Na uso huo uurande unyooke kabla hujaubana, maana shingo iliyopinda jigi inaukata huo upindaji kama ulivyo.

Sasa kasoro, na hii imeniuma kweli. Templeti ya ulimi ilikuja haipo katikati. Niligundua baada ya kukata kipande cha majaribio, bega la kushoto na la kulia, zile sehemu zinazobaki pande mbili za ulimi, yakawa yanapishana milimita 0.8 kwenye kalipa (kipimo cha unene), yaani ulimi umehama 0.4 upande mmoja. Ungeunga hivyo hivyo shingo nzima inasogea pembeni na uzi wa mwisho unakaribia ukingo wa ubao wa freti. Tatizo ni matundu ya zile pini mbili za kushikia templeti, yametobolewa kombo. Niliyenunua kwake akanijibu eti ni kawaida, hapana jamani, kifaa kizima kazi yake ni kukaa katikati! Nikayaziba matundu kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, nikachora mstari wa kati upya kwa kisu (penseli ina unene), nikatoboa tena. Tangu siku hiyo mabega yanatoka sawa.

Jingine ni pembe za kisigino (sehemu nene ya shingo inayokutana na bodi) kumeguka, shingo ya kwanza ilimeguka kipande kikubwa kama ukucha pale biti inapotokea upande wa pili. Jigi haina kitu cha kuegemeza hapo nyuma, nimeongeza mwenyewe kipande cha mbao kinachobanwa pamoja na shingo, na nashusha biti milimita 3 tu kila mzunguko.

Ulimi ukitoka vizuri unausukuma kwa mkono unaingia, ukiligeuza gitaa shingo haidondoki hata bila bolti. Hata hivyo msasa bado utahitaji, unakata utepe, unaupitisha katikati ya kisigino na bodi, unabana taratibu huku unavuta. Kisigino changu kina kama milimita 95, kwa hiyo nikitoa theluthi moja ya milimita kule chini rula inapanda milimita 1 kwenye daraja. Baada ya jigi huwa navuta mara tano sita, zamani nilikuwa navuta nusu siku.

Kama unatengeneza gitaa moja tu usinunue, templeti mbili za MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 12 na ubao wa kuinama vinatosha. Kama unatengeneza mfululizo inunue, ila mstari wa kati uupime siku hiyo hiyo unayoifungua. Naipa nne kwa tano, na gitaa la nne rula ilitua juu ya daraja pale pale nilipotaka kabla sijashika msasa.