Kompyuta ya bodi moja: kabla ya kuuliza RAM, angalia umeme unaingilia wapi

Mwaka jana nilifunga seva ndogo kwenye shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Morogoro. Kompyuta nzima juu ya bodi moja ya ukubwa wa kiganja, yenye chipu ya ARM kama za simu, Debian (aina ya Linux) ndani yake, na programu ya Kiwix ili wanafunzi wasome Wikipedia kwenye tableti bila intaneti. Wiki ya pili mwalimu wa TEHAMA akanipigia: "Madam, imezima tena." Nikapanda basi, nikakuta kadi ya memori imeharibika, nikaweka nyingine na kusimika mfumo upya. Siku tisa baadaye, simu ileile. Kadi ya tatu ilipokufa ndipo nilipotoa mita.

Nikagusisha ncha nyekundu kwenye pini ya 2 ya bodi, ambayo ni volti 5, na nyeusi kwenye pini ya 6, ambayo ni hasi, nikamwomba mwalimu awaambie wanafunzi wote wafungue kurasa kwa pamoja. Mita ilikuwa inasoma volti 4.97. Ikashuka 4.71, ikaja 4.58, ikagota 4.49, taa ya kijani ikazimika na bodi ikaanza kuwaka upya huku nikiitazama. Kumbe kadi tatu zote zilikufa hivyo, zikiwa katikati ya kuandika. Chaja ilikuwa na maandishi 5V 3A. Nilipofika nyumbani nikaukata ule waya uliokuja nayo: nyuzi za shaba unaweza kuzihesabu, nyembamba kama unywele.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue bodi gani ya kuendeshea Linux, siongelei kore wala gigahetsi. Hayo yameandikwa kwenye kila boksi. Nauliza tundu la umeme likoje na linapokea volti ngapi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Waya wa shaba wa unene wa namba 28 (AWG), ambao ndio umejaa kwenye kebo za bei rahisi, ukiwa na urefu wa mita moja una ukinzani wa kama ohm 0.43 kwenda na kurudi. Bodi ikivuta ampea 2, volti 0.85 zinapotelea njiani. Chaja imetoa 5, bodi imepata 4.15. Haiwezi kuishi. Sasa chukua waya uleule na upeleke wati 10 kwa volti 12: unahitaji ampea 0.83 tu, unapoteza volti 0.35, na bodi inapata zaidi ya 11.6, ambayo inaishusha yenyewe ndani kwa utulivu. Waya ni uleule mbovu, lakini bodi ya kwanza inakufa na ya pili haina habari. Hilo ndilo jambo ambalo sijaona muuzaji hata mmoja akilisema.

Kwa hiyo orodha yangu inaanza na ODROID, na sifichi kwamba naipenda. Hardkernel wa Korea Kusini wameweka kwenye ODROID-N2+ tundu la duara la DC, milimita 5.5 nje na 2.1 ndani, chanya katikati, na wanauza adapta ya 12V 2A ya kwenda nayo. Hilo ndilo tundu la adapta za kamera za CCTV na ruta nyingi. Adapta ikifa usiku, fundi yeyote wa kamera anayo. Bodi inapokea kuanzia volti 7.5 hadi 18, kwa hiyo unaweza kuifunga moja kwa moja kwenye betri ya 12V ya sola, hata wakati inachajiwa na imepanda hadi 14.4. Weka fyuzi, hakikisha chanya na hasi kwa mita kabla ya kuchomeka, basi. Betri ndogo ya 7Ah, ile inayokaa ndani ya UPS, ina wati-saa 84. Ukitumia nusu yake ili usiiue, bodi inayokula wati 4 inakaa saa kumi bila umeme. Pale shuleni umeme ukikatika sasa hivi hakuna anayepiga simu.

Mengine ya N2+ nayataja haraka. Ina nafasi ya eMMC, kijibodi cha memori kinachobandikwa, ambayo inavumilia kuliko kadi ya memori. Ina saa yake na kishikio cha betri ya CR2032, kwa hiyo hata bila intaneti haipotezi tarehe. Inapoa kwa kipande kikubwa cha alumini kilichofungwa chini yake bila feni, na vumbi la Morogoro mnalijua. Armbian, Linux iliyoandaliwa kwa ajili ya bodi hizi, inaendesha vizuri. Kasoro zake: haina Wi-Fi, itabidi uwe na ruta au kidude cha USB. Na hapa nchini sijaikuta dukani. Niliiagiza Korea mwenyewe na kusubiri. Kama N2+ ni kubwa kwa kazi yako, mdogo wake ODROID-C4 naye anapokea 12V kwa tundu lilelile, ila hana ile saa.

Ya pili ni Raspberry Pi 4. Ndiyo, ya 4, mbele ya ya 5. Inataka 5.1V 3A kwa USB-C. Angalia ile desimali: adapta rasmi inatoa 5.1 na waya wake umeunganishwa moja kwa moja, hauchomoki, ili usije ukaubadilisha na wa simu. Walioitengeneza walijua tatizo. Tena Pai ina jambo ninaloliheshimu sana: ikikosa umeme, inasema. Volti zikishuka chini ya 4.63, kwenye dmesg, yaani taarifa za mfumo, unaona "Undervoltage detected!", na kwenye skrini kinatokea kialama cha radi. Kwenye terminali andika vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, mko salama. Ikijibu 0x50000, ilikosa umeme wakati fulani tangu ilipowaka na ikapunguza kasi. 0x50005, inakosa sasa hivi unapoisoma. Ile bodi yangu ya mwanzo, ambayo sitaitaja jina, haikuwa na kitu cha namna hiyo. Ilikufa kimya mara tatu. Kama una swichi ya PoE, Pi 4 inaweza pia kupewa kibao cha juu cha PoE, ikala umeme kupitia waya wa mtandao kwa volti za juu. Hapo inakaribia kabisa ODROID machoni pangu.

Raspberry Pi 5 ni mashine nzuri na ina kasi, lakini inataka 5V 5A, na adapta yake rasmi ni ya wati 27. Ampea 5 kwa volti 5 si kitu unachookota popote. Chaja nyingi za simu na kompyuta zinaishia ampea 3 kwenye volti 5, hata zile zilizoandikwa wati 65, kwa sababu wati hizo zinapatikana kwenye volti za juu tu. Ukiipa chaja ya ampea 3 itawaka, ila matundu yake yote ya USB kwa pamoja yanabanwa yasizidi miliampea 600. Ukiipa ya ampea 5 yanapata 1600. Kwa hiyo ukinunua Pi 5, nunua na adapta yake rasmi siku hiyohiyo, au usinunue.

Radxa ROCK 5B ina nguvu kuzishinda zote hizi na inapokea volti za juu kwa USB-C PD, utaratibu wa bodi kuiomba chaja volti inazotaka. Ila kwenye PD, chaja na bodi lazima zielewane kwanza, na watumiaji wa mwanzo walikuta baadhi ya chaja zinachoka kusubiri Linux iamke, zinakata umeme, bodi inaanza upya, na mzunguko hauishi. Nunua pamoja na chaja iliyopendekezwa na Radxa wenyewe. Orange Pi 5 nayo ni ya chipu ya RK3588S, kasi tele kwa bei yake, lakini inakula 5V 4A bila mazungumzo yoyote ya PD. Wati 20 kwa volti 5. Rudi juu kwenye hesabu ya waya.

Za bei nafuu, kama Pi Zero 2 W na Orange Pi Zero 3: nzuri kujifunzia na kwa kazi moja ndogo. Kebo fupi, nene. Sina zaidi.

Sasa wauzaji, na hapa nina uchungu. Pi 5 ya 8GB ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 80, kama laki mbili za kwetu. Kariakoo winga mmoja alinipeleka duka nikatajiwa laki nne na nusu. Bei rasmi ilipopandishwa Desemba 2025 kwa sababu ya gharama za RAM, ikawa dola 95. Nyongeza ya dola 15. Duka hilohilo likaongeza laki nzima, kwenye boksi nililoliona rafuni tangu Agosti. Na juu ya hapo wanakufungia "kit kamili", bodi na vifaa vyake kwenye boksi moja, yenye chaja ya ampea 3 na waya wa simu. Mzazi anamnunulia mtoto wake wa chuo, inazimazima, akirudi dukani anaambiwa Linux ni ngumu, aweke kadi nyingine, elfu ishirini na tano. Watu wanaichukia Linux kwa kosa la waya.

Msomaji wa Tanga aliniandikia: "Dada, Pai 5 yangu mpya ni mbovu, nikichomeka diski ya nje inaonekana kidogo halafu inapotea." Kaka, bodi yako si mbovu, usiiuze. Umesema chaja ilikuja kwenye kit na ni ya ampea 3; diski yako inanyimwa umeme, inazimika. Tafuta adapta rasmi ya wati 27, na ikichelewa kupatikana, chomeka diski kwenye habu ya USB yenye adapta yake ya ukutani. Na ule mstari wa usb_max_current_enable=1 ulioelekezwa uweke kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pai, utoe leo hii. Unaiambia bodi iachie mkondo ambao chaja yako haina, na diski itakayozimika katikati ya kuandika ndiyo yenye picha za harusi yako.