TAHADHARI: Huyu "mkombozi wa nyumba" anazunguka Nkuhungu na Chang'ombe

Wana Dodoma wenzangu, hasa mliokopea nyumba na rejesho limeanza kusumbua, hii ni yenu.

Baba mdogo ana nyumba Nkuhungu. Vyumba vitatu vya uani alivijenga kwa mkopo wa benki, kipindi kile serikali inahamia huku na kila mtu anajenga akisubiri wapangaji. Duka likayumba, rejesho likalala miezi minne, benki ikaleta notisi ya siku 60. Deni lililobaki lilikuwa milioni 9. Nyumba yenyewe kwa bei ya sasa haishuki milioni 65.

Haikuisha wiki, akaja mtu. Shati safi, sauti ya upole, kila neno "mzee wangu". Nani alimpa habari, Mungu anajua. Akasema hanunui nyumba, anaikomboa: atalipa deni lote, baba mdogo abaki ndani na amrudishie taratibu kwa miezi 18. "Ila na mimi nipate karatasi ya dhamana, mzee wangu."

Karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza imeandikwa "Makubaliano" juu, lakini ukifika ukurasa wa tatu unakuta "muuzaji", "mnunuzi", na kwamba bei yote, milioni 9, imeshapokelewa. Ya pili ni ya uwakilishi, kumruhusu afuatilie hati benki kwa niaba ya mzee. Akaondoka pia na picha nne za pasipoti, nakala ya kitambulisho cha NIDA na saini kwenye fomu za uhamisho ambazo hazijajazwa kitu. Mtu aliyekosa usingizi wiki tatu hasomi ukurasa wa tatu, jamani.

Na benki alilipa kweli! Ndiyo maana tulimshukuru, tukamchinjia na kuku. Deni likafutwa, hati ikatoka, akaichukua yeye. Miezi mitatu baadaye wapangaji wa uani wakapigiwa simu: kodi sasa inakwenda kwa mwenye nyumba mpya.

Kinachotupa nguvu ni mama mdogo. Siku ya kusaini alikuwa msibani Kondoa, lakini mkataba una ridhaa ya mke, tena yenye dole gumba. Mama mdogo ni mwalimu, amesahihisha madaftari zaidi ya miaka 20. Leo hii aweke dole gumba? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzake kuridhia. Wakili alitupeleka kwanza kwa Msajili wa Hati. Tukafanya upekuzi, yaani kuangalia kwenye daftari nyumba ina jina la nani, tukakuta jina bado ni la baba mdogo, tukaweka zuio la kuzuia uhamisho siku hiyohiyo. Shauri sasa liko Baraza la Ardhi na Nyumba.

Notisi inatisha, lakini siyo mnada. Hata dalali akishapewa kazi, tangazo la mnada lazima likae siku zisizopungua 14. Muda huo nenda benki mwenyewe, kaombe upangiwe marejesho upya. Ikishindikana, bora uuze mwenyewe kwa bei ya soko benki ikijua. Baba mdogo angelipa deni akabaki na milioni 50 na ushee, na hesabu hiyo ndiyo inayotuuma hadi leo. Mtu akitaka kukusaidia kweli, alipe kwenye akaunti ya mkopo na hati ukaipokee wewe. Na usidanganyike na muhuri wa mtaa. Mkataba wetu nao ulikuwa nao.

Juzi ameonekana Chang'ombe kwa mama mmoja mjane. Kama ameshafika kwako na umesaini, usimpigie simu kumlalamikia. Wahi kwanza kwa Msajili, maana akijua umeshtuka atakimbiza uhamisho.