Irqbalance au kupanga interapti kwa mkono? Nimejaribu zote

Jamani kadi yangu ya mtandao ya gigabiti 10 ilitaka kunitoa roho, seva yangu ya Linux ina kore 8 lakini nikifungua top (inayoonyesha nani anakula CPU) naona ksoftirqd/0 (kazi ya ndani ya Linux inayomalizia shughuli za interapti kwenye CPU0) inaunguza kore moja hadi asilimia 100 na zile zingine 7 zimekaa tu hazina kazi. Nikacheki /proc/interrupts (faili la hesabu za interapti kwa kila kore), kumbe kadi ina foleni 8 za kupitishia data ila interapti zote, yaani ishara za kadi kuiita CPU ije ishughulikie data, zinaangukia CPU0, safu zingine sifuri tupu.

Nikawasha irqbalance, programu ya kugawa interapti kwenye kore, ikazigawa yenyewe, na kila sekunde 10 inapima tena, kwa seva ya kawaida inatosha kabisa. Mimi lakini nilitaka kitu kisichohamahama kwahiyo baadaye nikaizima (usipoizima itakupangulia kazi yako) nikaandika kila foleni na kore yake kwenye smp_affinity_list (faili la kila interapti linalotaja kore za kuihudumia), aisee imetulia mno, naipa tano kwa tano! Mjue tu koneksheni moja kwa kawaida inabaki foleni moja, ukipakua faili moja kubwa usitegemee maajabu. Halafu kama mashine ina soketi mbili (yaani chipu mbili za CPU) chagueni kore za upande ule kadi ilipochomekwa.