Uzoefu wangu: walitufungia mimi na mdogo wangu, mlanguzi wa akaunti 23 wakamwacha

Nina hasira. Nimejipa muda zipoe, naona hazipoi, basi naandika hivi hivi zikiwa za moto.

Gemu yenyewe siitaji jina. Anayeicheza ataijua nikisema mabawa meusi, na asiyeicheza hapotezi kitu, maana mambo haya yapo karibu kila gemu ya bure yenye soko ndani yake. Naicheza mwaka wa pili sasa, mimi na mdogo wangu wa kidato cha pili. Yeye anatumia simu ya mama, mimi kompyuta yangu, sote kwenye intaneti moja ya sebuleni. Mtoto wa jirani naye huja jioni kukaa barazani kwetu kwa sababu bando lake haliwahi kufika usiku. Watu watatu, akaunti tatu, intaneti moja. Lishikeni hilo.

Mabawa meusi hayauzwi na wenye gemu. Yalitolewa mara moja kwenye sikukuu ya ndani ya gemu, basi, na yaliyopo ndiyo hayo hayo yanayozunguka mikononi mwa wachezaji. Kwa muda mrefu bei yake ilikuwa sarafu 90,000 hivi. Mdogo wangu aliyataka kuliko chochote. Kila siku akimaliza kazi za shule anakwenda kusimama pale gatini kuvua samaki, samaki mmoja sarafu 60. Mvua ya kwenye gemu ikinyesha samaki wanaongezeka, basi alikuwa ananiita kutoka chumbani, "Dada, mvua! Mvua!" kama mkulima. Wiki tatu alivua, akafikisha 80,000.

Hapo ndipo bei ikaruka. Asubuhi 120,000. Jioni 160,000. Siku ya tatu kibao cha soko kinasoma 210,000, na kando yake kimshale cha kijani kinapanda. Mtoto akanyong'onyea. Nikamwambia asijali, nitaongezea mimi. Nilikuwa na vitu vyangu vya kuuza, ila akaunti ya bure hairuhusiwi kuweka bidhaa sokoni mpaka inunue kibali, na kibali ni vito 1,350. Vito vinauzwa kwa fungu: fungu dogo 1,200, fungu la kati 2,500. Hakuna 1,350, na wala si bahati mbaya, wamepima. Nikalipa shilingi 27,000 kwa simu, nikachukua kibali, vito 1,150 vikabaki. Hadi leo havitoshi kununua chochote cha maana. Nikauza vitu vyangu vyote, nikapata 110,000. Mdogo wangu akanitumia zile zake 80,000. Kulikuwa na mtu anauza mabawa kwa 190,000, na kwa kuwa kibao kilisema 210,000 tukaona tumepata nafuu. Tulinunua, nikampa mtoto, akayavaa. Siku mbili baadaye mabawa yale yale yalikuwa 95,000.

Nikaanza kuuliza, kisha nikakaa pale sokoni kwa saa nzima bila kufanya kitu, natazama tu. Nyuma ya chemchemi walisimama wahusika 23, nimewahesabu mmoja mmoja. Wote wamevaa fulana ya kijivu, ile unayopewa siku ya kwanza. Jina ni moja, namba tu za mwisho ndizo zinabadilika. Mmoja akigeuka kushoto, wote wanageuka kushoto. Huyo ni mtu mmoja.

Na hila yake ni nyepesi ukishaijua. Kibao cha soko hakijui thamani ya kitu, kinachukua wastani wa mauzo ya karibuni tu. Mabawa ni machache, kwa siku yanauzwa labda mara tano. Sasa wewe mwenye akaunti 23 unajiuzia mwenyewe: akaunti ya 4 inaiuzia ya 9 kwa 130,000, ya 9 inaiuzia ya 15 kwa 170,000. Sarafu zinatoka mfuko wa kulia zinaingia mfuko wa kushoto. Kinachopotea ni ushuru wa soko, asilimia 2, yaani kila sarafu 100,000 anazozungusha zinamgharimu 2,000. Kibao kinapanda, wajinga sisi tunaona kitu kinazidi kuadimika, halafu anatoa mzigo halisi kidogo kidogo chini ya bei ya kibao. Na kikomo cha kununua, kile wanachojivunia kuwa mtu hawezi kukomba bidhaa yote, kimewekwa kwa akaunti, hakikuwekwa kwa mtu. Ukiwa na 23 unakuwa na vikomo 23. Fulana za kijivu ndizo zilizokomba mabawa yote kwanza wakati bei iko chini.

Baba aliponisikia nikilalamika mezani aliuliza, "Kwani huo si ulanguzi?" Yeye mwaka 1983 alikuwa kijana, wakati Serikali inapambana na walanguzi na wahujumu uchumi, anakumbuka sabuni na sukari zilivyofichwa. Hajawahi kushika gemu maishani mwake. Kaelewa kwa dakika moja jambo ambalo wenye gemu, wenye kumbukumbu ya kila muamala, wanasema hawalioni.

Nilipiga picha, nikaeleza, nikatuma. Jibu: "Hatujadili akaunti za wachezaji wengine." Sawa, nikameza.

Kabla hata ya wiki kuisha, nafungua gemu naambiwa nimefungiwa. Mdogo wangu kafungiwa. Mtoto wa jirani, ambaye hata hakuhusika na mabawa, kafungiwa. Kosa: kumiliki akaunti zaidi ya moja na kuhamisha mali kati yake. Yaani zile 80,000 za samaki, mtoto alizomtumia dada yake, ndizo zimekuwa ushahidi.

Niliandika kwa adabu kabisa. Nikaeleza sisi ni ndugu, nikawaambia tayari kutuma hata picha ya vifaa vyote vitatu vikiwa pamoja. Aliyejibu aliandika hivi, nawafasiria neno kwa neno: "Mpendwa mchezaji, tumechunguza akaunti zako zote tatu. Hadithi ya ndugu tunaipokea kila siku. Uamuzi ni wa mwisho." Hadithi! Mtoto kavua samaki wiki tatu, mnamwita hadithi. Niliisoma ile sentensi nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa mlio Afrika. Ukiingia intaneti unapewa anwani, namba inayoonyesha umetokea mlango gani, na hiyo ndiyo seva ya gemu inayoiona. Intaneti ya zamani, ile ya mfumo wa IPv4, ina anwani kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na zimekwisha. Kwa hiyo kampuni za simu huwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mtu wa Tabata, wa Mbagala na wa Kigamboni, hawajawahi kuonana, wanaweza kuonekana kule kwenye seva kama wametoka mlango mmoja. Anayehukumu kwa anwani peke yake anatuhukumu kwa umaskini wa anwani. Mlanguzi yeye hilo halimsumbui, ananunua huduma ya kuficha anwani na kila fulana ya kijivu inaonekana imetoka nchi yake.

Wala sisemi kazi yao ni rahisi. Jagex, kampuni yenye gemu ya RuneScape kule Uingereza, waliwahi kubana mpaka kupita kiasi: Januari 2008 waliondoa uhuru wa wachezaji kupeana mali ili kuwakomesha wanaouza sarafu za gemu kwa pesa za kweli, hata zawadi kwa rafiki ikawa na kikomo. Wakaurudisha Februari 2011 baada ya wachezaji kupiga kura. Wenye gemu ya EVE Online wamechagua njia nyingine: akaunti nyingi ruksa, lakini tangu walipoleta akaunti za bure Novemba 2016, ya bure huwezi kuifungua sambamba na nyingine. Unaweza usiipende sheria hiyo, lakini unaijua kabla hujaingia. Na si kila mwenye akaunti nyingi ni mwizi. Wavenezuela wengi waliokota sarafu kwenye RuneScape ili wapate chakula, hao siwanyooshei kidole. Ninachodai ni kwamba mtazame sarafu zinakwenda wapi. Akaunti zinazojiuziana kitu kile kile kwa mduara, bei ikipanda kila mzunguko, zinaonekana hata kwa macho. Mtoto anayempa dada yake mara moja, dada akampa mabawa, hauoni tofauti?

Gemu ni nzuri. Lazima niseme haki. Ule mji wa bandari usiku, taa zikicheza juu ya maji, na ile ngoma ya mbali unayoisikia ukikaribia gati, sijaona gemu ya bure iliyotengenezwa kwa mapenzi namna ile. Tumecheka sana mle ndani na mdogo wangu. Nikiwa safari ya kazi ndiko tulikokuwa tunaongea kila usiku. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota tatu, kweli, mabawa niyasamehe, ni sarafu za kuchezea tu.

Lakini nikikumbuka neno "hadithi", nyota zote zinaondoka. Kama asingeandika lile neno nisingekuwa hapa. Angesema tu "tunasikitika, hatuwezi kuthibitisha", ningenuna siku mbili nikanyamaza.

Basi nyota moja, na hiyo ni ya waliochora ule mji. Msilipie kitu humo, hasa kile kibali. Au kama lazima mnunue mabawa, msitazame kibao cha bei. Kaeni chemchemini kwanza mtazame nani anamuuzia nani.

Jana nimetuma ombi la nne. Sikuomba akaunti yangu, wala ya kwangu siitaki tena. Nimeomba wamfungulie mdogo wangu, maana msimu wa mvua wa kwenye gemu umeanza, na kila jioni ananiuliza kama wamejibu.