Uzoefu wangu: fundi wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, anayetambua spea za magari ya zamani

Huduma hii naipa alama zote, na nitaeleza kwa nini, maana wenye magari ya zamani hapa Unguja tunataabika sana. Mimi nina Morris Minor 1000, gari la Kiingereza, aliyoniachia marehemu baba, pamoja na kasha la vyuma ambavyo nyumbani hakuna aliyebaki wa kuvieleza: kabureta mbili, distributa (kigawa cheche za plagi), silinda za breki, mabolti kochokocho. Madukani spea za Toyota na Suzuki hazikosekani. Ukiwapelekea chuma cha Kiingereza cha miaka ya 60, wanakigeuzageuza, wanakwambia "hiki cha Mini", basi.

Fundi mwenyewe ni mtu mzima, sote tunamwita Ami. Karakana yake ni chumba kimoja tu cha mbele ya nyumba. Nilipomwekea kabureta mezani na kumuuliza ni ya gari gani, hakunijibu. Aliuliza yeye: "Mwanangu, hii umeing'oa kwenye gari au umeitoa kashani?" Kipande kilichong'olewa kwenye gari unajua kilifungwa na nini. Cha kashani hakina shahidi, kwa hiyo lazima kipimwe.

Kabla ya kupima anasafisha, na hapo ndipo nilipomwamini. Brashi ya waya haigusi, wala jiwe la kusagia. Chumvi ya hewa yetu imeshakula nusu ya alama, na waya unamalizia iliyobaki. Yeye huroweka kwenye mafuta ya taa, akasugua kwa mswaki, kisha akapitisha chaki juu ya chuma na kufuta taratibu. Namba ambazo nilikuwa sizioni zilitokeza nyeupe.

Kabureta zote mbili ni za SU, kampuni ya Kiingereza, na koo zao zina upana ule ule, inchi 1¼. Kile kibati cha namba kinachofungwa kwa skrubu ya mfuniko wa chemba ya boya (kikombe kinachoweka petroli) kilikuwa hakipo kwa zote mbili. Ami akanionesha tofauti kwa kidole: moja ina mrija wa plastiki unaotoka chini ya chemba kwenda kwenye jeti (tundu la kupitishia petroli), hiyo ni HS2; nyengine haina mrija, petroli inapita ndani kwa ndani, hiyo ni H2, ya zamani zaidi. Injini yangu ni ya cc 1,098, aina iliyoanza 1962, na inayoistahiki ni HS2. Hakutosheka na hapo. Alichomoa sindano akasoma kwa lenzi herufi zilizo kwenye shina lake, kwa sababu kabureta sahihi yenye sindano ya gari jengine itakunywesha petroli bure.

Distributa ni ya kampuni ya Lucas, aina ya 25D4, ubavuni imegongwa 15 65, yaani wiki ya 15 ya mwaka 1965. Akanitahadharisha kwamba hiyo ni tarehe ya kutengenezwa kipande, si umri wa gari. Namba ya tarakimu tano iliyo karibu yake ndiyo ya kufuata, kwani distributa za umbo hilo zilifungwa kwenye magari mengi, na kila moja inawahisha cheche kwa namna yake. Na neno MOWOG lililosubiwa kwenye chuma halitambulishi gari: ni kampuni za Morris, Wolseley na MG kwa pamoja.

Mabolti ndiyo yaliyonifungua macho. Bolti ya inchi 5/16 ya BSF (kipimo cha hesi cha Kiingereza cha zamani) ina hesi 22 kwa inchi, ya UNF (kipimo kilichokuja baadaye) ina 24, na kwa jicho zinafanana kabisa. Ukizichanganya, nati inaingia mizunguko miwili mitatu inakaza, mtu anadhani ni kutu, anaongeza spana, hesi zinakwenda. Ami ana geji ya hesi, alinitengea kila moja na mwenzake.

Silinda moja ya breki ilimshinda. Ngoma za mbele za Minor zilikuwa za inchi 7, zikaja za inchi 8 na injini ya cc 1,098, lakini silinda ile haikulingana na ngoma yoyote. Alinirejeshea, akasema kwenye breki hakisii, na hakutoza kitu. Kwa vyengine vyote nililipa shilingi 5,000 kila kipande, bei ambayo naiona ni ndogo kwa elimu ile.

Kasoro ni kwamba anakwenda polepole na simu hapokei anapofanya kazi. Mwenye haraka ya kurudi barabarani ataona taabu. Hufungua baada ya alasiri, Ijumaa hafungui kabisa. Ukienda, chukua na namba ya injini na ya chesisi zilizoandikwa kwenye karatasi, la sivyo atakurudisha nyumbani ukazitafute.