Uzoefu wangu: kubadilisha injini ya Jeep Cherokee ya 1998, Malindi

Injini ya kwanza niliiua mwenyewe. Kisima cha nyumbani kwetu kina chumvi, na kwa miaka mingi maji hayo ndiyo niliyokuwa nikiongeza kwenye rejeta. Njia zake zikala kutu, zikaziba, na siku moja nikitoka Kilifi gari likachemka kabla sijafika Gede. Nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta rangi ya chai ya maziwa: maji yalikuwa yameingia kwenye oili.

Wengi walinishauri nitie dizeli ya Toyota, maana spea zake ziko kila duka. Nilikataa na sijutii. Ukibadilisha aina ya injini, giaboksi nayo inadai kubadilishwa, kisha maunti, wayaringi na kompyuta. Unajikuta unaunda gari jingine. Tena ile lita 4.0 ya Jeep, silinda sita kwa mstari, ni mashine ya kutegemewa: bloku ya chuma, hedi (kifuniko kinachofunika silinda kwa juu) ya chuma, cheni ya taimingi badala ya mkanda. Ilitengenezwa tangu 1987 hadi 2006.

Mombasa tulionyeshwa injini mbili za mtumba. Ya kwanza ilikuwa inang'aa, imepakwa rangi, na muuzaji akaisifu kuwa ni ya mwaka 2000. Fundi wangu, mtu mzima mwenye subira, akamulika hedi kwa tochi, akaniita: "Mwanangu, hebu soma hapa." Namba ilikuwa 0331. Hedi hizo zilianza kutumika miaka hiyo, na nyingi zao hupasuka katikati, baina ya silinda ya 3 na ya 4, maji yakaingia kwenye oili. Nilikuwa nimetoka kwenye msiba huo huo! Isitoshe, Cherokee za 2000 hazina distribyuta (kifaa cha kugawa umeme kwa plagi) kama yangu, kwa hiyo hata umeme wake haungelingana moja kwa moja.

Ya pili ilikuwa chafu, imeganda vumbi na grisi, lakini hedi yake ni 0630, sawa na ya gari langu. Tukaomba betri, tukatoa plagi zote sita, tukaizungusha kwa stata palepale sakafuni na kupima kompresheni, yaani shinikizo la hewa ndani ya kila silinda. Kiwanda kinataka kati ya psi 120 na 150, na silinda zisipishane kwa zaidi ya 30. Ya chini ilisoma 130, ya juu 142. Nikalipa, nikadai risiti yenye namba ya injini kwa ajili ya logbook. Muuzaji akikukatalia kupima, ondoka, hata bei iwe tamu vipi.

Kazi ya kufunga ilifanyika chini ya mwembe, kwa cheni bloku ya kunyanyulia injini. Kilichotuchelewesha ni bolti mbili za juu zinazoshika giaboksi: vichwa vyake ni vya nyota, E12, na spana ya kawaida huvila tu. Tulingoja soketi yake siku mbili. Muda huo haukupotea, kwani injini ikiwa nje ndipo pa kubadilisha oili sili ya nyuma, wota pampu, thamostati, maunti na vile visahani vinavyoziba matundu ya maji ubavuni mwa bloku. Vyote ni vya bei ndogo, na vyote ni taabu kuvifikia injini ikisharudi ndani. Rejeta nilinunua mpya.

Kosa langu lilikuwa kurudisha feni ya zamani. Barabarani sindano ya joto ilitulia, lakini nikisimama kwenye msongamano sokoni, saa saba mchana, ilianza kupanda. Klachi ya feni, ile inayoifanya izunguke kwa kasi injini ikipata joto, ilikuwa imechoka. Nilipoibadilisha nikavuka daraja la Sabaki, nikaenda hadi Marafa na kurudi, gari limejaa watu, AC imewashwa, na sindano haikusogea.

Sasa natia kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, na kila Ijumaa asubuhi navuta kijiti cha kupimia oili. Oili ina rangi ya asali.